Kabla hujampa ukichaa adui wa filamu yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Naandika filamu. Adui wa steringi nataka awe kichaa kwelikweli. Nianzie wapi?" Nimekaa na ujumbe huo siku tatu, maana swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na muuaji anayeongea na dirisha usiku. Tabia hiyo niliichukua kwa kaka yangu, ambaye ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, na husikia sauti zisizokuwapo. Wenzangu nilipowasomea walipiga makofi, nami nikavimba kichwa. Kaka naye akausoma. Hakunilaumu. Ila tangu siku hiyo, nikiwapo nyumbani, halisogelei tena lile dirisha. Sauti zikimjia anakaa kitandani ameuma meno. Na huyu ni mtu ambaye hajawahi kumpiga yeyote. Yeye ndiye aliyepigwa, mara mbili, na watu waliomwogopa bure.

Nilipotazama filamu ya Joker ya mwaka 2019 nilidhani hatimaye kapatikana anayeelewa. Kuna pale Arthur, mhusika mkuu anayetumia dawa za aina saba, anaambiwa na afisa wa ustawi wa jamii kwamba fedha zimekatwa na ofisi inafungwa. Anauliza: dawa sasa atazipata wapi, na ataongea na nani? Nililia hapo. Sisi wenye ndugu wagonjwa tunalijua swali hilo.

Lakini filamu hiyohiyo inamfanya aseme kwamba ameacha dawa na anajisikia nafuu, kisha muda mfupi baadaye anamuua mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Mtazamaji anatoka na hesabu moja tu: asiyemeza dawa ataua. Mlango uliofungwa unasahaulika. Hata bastola inasahaulika, ile aliyopewa na mtu mzima mwenye akili timamu.

Ushauri wangu basi ni huu. Mvue mhusika wako ugonjwa, kisha uliza: bado ana sababu ya kuua? Kama hana, rudi ukaandike upya. Kama anayo, ugonjwa ulikuwa na kazi gani? Na ukiamua kuubakiza, onyesha nani alimfungia mlango, lini, na kwa maneno gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 aliishi na tatizo la afya ya akili. Ukumbi wa viti 200, hao ni watu 25. Wamelipa kiingilio. Acheni kuwaonyesha kila mara kwamba wao ndio wa kuogopwa! Acheni kuchuma sifa kwa maumivu ya watu mnaokula nao sahani moja.

Muswada nimeuandika upya. Muuaji sasa anaua kwa ajili ya urithi, na dirisha nimelitoa. Nakala nimemwekea kaka mezani. Bado hajaifungua.