Dirishani sawa, lakini upande gani?

Swali: Mwezi ujao nasafiri Nairobi–Dar na ndege ya asubuhi. Nimeshalipia kiti cha dirishani, 20A. Mlima Kilimanjaro nitauona? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Pole, hapo umelipia kutazama Tsavo. A ni kushoto, na ukitoka Nairobi kwenda Dar mlima unabaki kulia. Omba wakuhamishie F. Wengi wakishasikia neno "dirishani" wanaridhika, wanasahau kuuliza upande.

Saa umeichagua vizuri. Asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako likiumulika mlima, na mawingu huwa bado hayajaufunika kama mchana. Simu iwe mkononi kuanzia dakika ya kumi na tano hivi tangu kuruka. Chai ikija wakati huo, iache ipoe. Njia ya moja kwa moja inapita mashariki ya mlima, kwa hiyo kilele kilicho karibu nawe ni Mawenzi, mita 5,149, kimechongoka meno meno. Nyuma yake ndiye bwana mkubwa mwenyewe, Kibo, mita 5,895. Tazama juu yake kwa makini: kuna duara ndani ya duara, yaani kreta ya Reusch (mdomo wa volkano) na shimo la majivu katikati. Barafu iliyosalia pembeni imesimama wima kama sabuni ya mche iliyokatwa kwa kisu.

Wakati wa kurudi, kaa kushoto.

Swali: Na Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, je?

Jibu: Kulia pia. Kushoto utapata Meru, ambao nao si haba, mita 4,566. Ila rubani akianza kuzunguka ili atue, milima huhama upande.

Swali: Nilichagua dirisha, nikaishia kutazama bawa safari nzima. Nifanyeje safari ijayo? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Wewe angalau ulipata bawa. Mimi niliwahi kupata ukuta. Kwenye Boeing 737 nyingi kuna safu moja upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, ambayo haina dirisha, kwa sababu bomba la hewa limepita hapo. Nililipia nyongeza, nikatazama plastiki ya kijivu.

Kwa ndege za aina hiyo, na Airbus pia, nenda mbele kabisa au nyuma kabisa. Nyuma ina kelele, na joto la injini hufanya picha zicheze. Lakini ukipangiwa ATR au Dash 8, zile za mapangaboi, usihangaike sana: bawa liko juu ya dirisha, chini kote ni kwako. Kwenye Dash 8 mimi hukaa makusudi usawa wa injini. Wakati wa kutua, milango chini ya injini hufunguka, mguu ukashuka taratibu, kisha unaliona tairi likigusa lami na kutoa kamoshi. Watoto hupiga kelele. Nami pia.

Swali: Kwenye kioo kuna katundu kadogo. Ni hatari?

Jibu: Hapana, kamewekwa na waliotengeneza ndege. Dirisha lina vioo zaidi ya kimoja, na hako katundu husawazisha hewa kati yake na kupunguza ukungu. Kinachoharibu picha zaidi ni mwanga wa ndani ya ndege kurudi kwenye kioo: jifunike kanga nyeusi wewe na simu yako, majirani wacheke.

Swali: Nimekuta mama mtu mzima amekalia kiti changu cha dirishani. Nimwinue?

Jibu: Kwanza shikamoo. Kisha muoneshe pasi yako ya kupandia kama mtu anayeomba msaada wa kusoma namba; mara nyingi atahama mwenyewe. Akisema "mwanangu, niache hapa hapa," mwite mhudumu au umwachie. Mimi nilimwachia mmoja, tena upande wa kulia, asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Kabla hata hatujafika Amboseli akashusha kifuniko cha dirisha, akalala mpaka Dar.