Kukadiria idadi ya wanaojidunga dawa za kulevya nchi nzima

Ukimuuliza mtu mlangoni kwake, mbele ya familia, kama anajidunga dawa za kulevya, mara nyingi atakana. Walio jela na wasio na makazi hutawakuta kabisa. Ndiyo maana utafiti wa kaya hutoa idadi ndogo mno, na inabidi kuzungukia njia nyingine. Hesabu zake ni nyepesi. Makosa makubwa huingia kabla hata kikokotoo hakijaguswa.

Kubalianeni kwanza mnamhesabu nani. Kwa mfano: mwenye miaka 15 hadi 64, aliyejidunga angalau mara moja katika miezi 12 iliyopita. Aliyewahi kujidunga zamani akaacha ni kundi jingine, na makundi haya yakichanganywa hakuna fomula itakayookoa kazi.

Njia inayotumika sana ni ya kizidishi. Waelimishaji rika wanagawa kitu chenye alama maalumu, tuseme vishikizo vya funguo 600, kimoja kwa kila anayejidunga. Baadaye kidogo, utafiti wa kuponi, ambamo kila mshiriki huwaalika wenzake, unauliza nani alikipata. Wakisema ndiyo asilimia 20, unagawanya 600 kwa 0.20 na kupata 3,000.

Usikimbilie kuitangaza hiyo 3,000. Kama waliohojiwa ni 300, na kwa kuwa walioalikana hufanana tukadirie athari ya sampuli kuwa 2 (yaani majibu ya watu 300 yana uzito wa watu 150 tu waliochaguliwa kwa bahati nasibu), asilimia 20 hiyo inacheza kati ya 13.6 na 26.4. Maana yake idadi ni kati ya 2,270 na 4,410 hivi. Toa kiwango chote.

Vishikizo vikiangukia mikononi mwa wasiojidunga, makadirio hupanda bila sababu. Mgawaji akiwapa marafiki zake, na marafiki haohao wakawa wa kwanza kupata kuponi, makadirio hushuka. Ukitumia rejista ya kliniki badala ya vishikizo, hesabu watu, si mahudhurio, na swali la utafiti litaje kliniki hiyohiyo na miezi ileile.

Njia nyingine ni kulinganisha orodha mbili. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ina watu 400, huduma ya sindano safi ina 350, na 70 wamo kote: 400 mara 350, gawanya kwa 70, ni 2,000. Sasa karani aandike jina moja kwa tahajia mbili, wanaoonekana kote wabaki 50, na idadi inaruka hadi 2,800. Tumieni msimbo uleule kila kituo. Tena, kliniki na huduma ya sindano zikipelekeana wateja, wanaoonekana kote huwa wengi kupita kawaida na makadirio hushuka. Orodha ya tatu husaidia kulipima hilo.

Kutoka mji mmoja kwenda nchi nzima ndipo pagumu. Usichukue asilimia ya jiji kubwa ukaizidisha kwa watu wote wa nchi, maana timu huanza kupima kule tatizo lilipo zito. Gawa maeneo kwa matabaka, yaani makundi ya maeneo yanayofanana, pima machache katika kila tabaka, yakiwemo yanayodhaniwa hayana kitu, kisha yaliyobaki yakadirie kwa viashiria kama vifo vya kuzidisha dozi na wagonjwa walio kwenye matibabu.

Katika ripoti, takwimu ziishie ngazi ya wilaya. Majina ya maskani wanakokutania yasichapishwe popote: msako mmoja wa polisi huwatawanya watu na kuwakatia sindano safi.