Milioni 20 za nyota wa filamu huishia wapi?

SWALI: Nasikia nyota wa Hollywood hulipwa dola milioni 20 kwa filamu moja. Zote humfikia mkononi?

JIBU: Hata nusu huenda asiione. Kiwango hicho kilivuma mwaka 1996, Jim Carrey alipolipwa fedha hizo kwa filamu ya The Cable Guy. Piga hesabu: wakala asilimia 10, meneja (kama yupo) 10 nyingine, mwanasheria 5. Milioni 5 zimeshakwenda kabla ya kodi, na kodi ya serikali kuu ya Marekani hufika asilimia 37, mbali na ile ya jimbo.

Utajiri hasa uko kwenye mgawo. Jack Nicholson alikubali takriban milioni 6 tu kwa Batman (1989) pamoja na asilimia ya mapato. Inaripotiwa aliondoka na zaidi ya milioni 50. Ila uwe mgawo wa mapato ghafi, yaani kabla ya makato. Anayesaini wa faida halisi kaliwa, maana studio hukata kwanza matangazo, usambazaji na riba. Coming to America (1988) iliingiza zaidi ya dola milioni 280, na bado studio yake, Paramount, ilidai mahakamani kwamba faida haikuwepo.