Nilimkata mwenzangu

Wiki hii mmeuliza: "Ni jambo gani ulilojifunza ukubwani likakutoa jasho?" Wengine watawajibu kuendesha gari, au kuogelea. Langu mimi ni karata.

Nilihamishiwa Pemba kufundisha nikiwa na miaka 34, mtu wa bara, na karata nilizozijua ni zile za kila mtu na lwake: umalize zilizo mkononi, uwacheke waliobaki nazo. Kwenye baraza ya karibu na nilipopanga, watu wakishatoka kuswali alasiri, jamvi hutandikwa na wahedi wa sitini huanza. Jina lenyewe ndilo kanuni, sitini na moja. Nane, tisa na kumi zinawekwa kando, zinabaki karata 40. Wachezaji wanne, kumi kumi, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Alama zote ni 120, basi upande unaofikisha 61 umeshinda. Hapachezewi hata senti. Wanaofungwa wanainuka, wanaosubiri wanakaa, na kule kusubiri zamu irudi ndiyo adhabu yenyewe.

Kwanza yalinishinda maneno. Kopa, uru, pau na shupaza, zile aina nne za karata, na turufu, yaani aina inayozishinda nyingine zote katika mchezo huo: ni Kireno hicho, kimebaki mikononi mwa watu tangu enzi ambazo hao Wareno walikuwa na ngome yao Mombasa, wakafukuzwa 1698 na kutuachia karata, meza na gereza. Ree, ile yenye herufi A, ina alama 11, nayo ndiyo kubwa. Inayofuata si mfalme bali saba, iitwayo seti, yenye alama kumi. Hapo ndipo wanapoingia wazungu, yaani zile zenye picha: mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni yule kijana, wa pili ni bibi, na kila mmoja alama zake zimo ndani ya jina lake. Kwa nini bibi awe chini ya kijana, nimeuliza nikajibiwa "ndivyo ilivyo". Zilizobaki, sita kushuka mpaka mbili, ni garasa, hazina kitu. Ukipiga hesabu, ree na seti za aina zote nne ni karata nane tu, lakini zimebeba alama 84 kati ya 120. Mchezo mzima ni kujua hizo nane ziko kwa nani, na nani atazila, maana kula ni kuzichukua zote nne zilizotoka raundi hiyo.

Mwenzangu alikuwa mzee mmoja mkulima wa karafuu, aliyenichukua nadhani kwa kuwa hakuna mwingine aliyenitaka. Siku ya tatu turufu ilikuwa shupaza. Mzee akaanza na ree ya kopa. Wa kuume kwake akatupa garasa. Ikafika kwangu, sina kopa hata moja. Barazani kwetu ukiwa na aina iliyoanza sharti uifuate; ukiwa huna, uko huru. Nikaona bahati imenijia! Nikaikata kwa mbili ya shupaza, nikaitandika kwa kishindo kama nilivyowaona wakifanya.

Pakawa kimya. Wa mwisho akaweka garasa yake ya kopa taratibu. Tumekula, nami nikazikusanya kwa furaha. Mzee alinitazama juu ya miwani, kisha akatazama barabarani, kama mtu anayengoja gari la abiria.

Raundi mbili mbele, mpinzani akatoa ree ya uru. Uru niliyokuwa nayo ni moja tu, nayo ni seti. Lazima nifuate. Alama zangu kumi zikaenda zao. Mwisho wa kuhesabu tulikuwa na 58, wao 62, tukainuka.

Tulipokuwa tumekaa pembeni na vikombe vya kahawa ndipo akanieleza, bila kupandisha sauti. "Mwalimu, kopa ndiyo kwanza yatoka. Ziko kumi, wewe huna hata moja, basi sisi watatu tunazo. Yule wa mwisho angenikata na nini?" Nikaanza kuelewa. "Ree yangu ilikuwa yala. Ungenitilia ile seti yako juu yake, ingekuwa salama kwangu. Wewe umenikata mimi."

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: zile kumi zingetufikisha 68. Lakini kilichonichoma ni hilo neno la mwisho. Siku zote nilikuwa nikizitazama karata zangu kumi, na za mwenzangu sikuzihesabu kama zangu. Mwenzako akiwa anakula, unamlisha. Ukiona anapotea, unaficha vinono unatupa garasa. Na yote hayo bila neno, maana kukonyeza ni haramu barazani, ingawa pana watu wawili watatu ambao kikohozi huwashika turufu inapokuwa mbaya.

Ni mwaka wa sita huu. Mzee na mimi bado tunakaa mkabala, na huinuka mara chache. Yeye hukumbuka aina zote nne zilizotoka huku akibishana na watu bei ya karafuu. Mimi naweza turufu na aina nyingine moja. Ya tatu hunipotea muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe.