Picha za kasa na mikoko: tuzitoeje kwa umma?

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Watamu, Kaunti ya Kilifi. Tunalinda viota vya kasa na kupanda mikoko. Tuna picha zaidi ya 600 zilizopigwa na wanachama kwa simu, na tunataka magazeti na walimu wazitumie bure mradi watutaje. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzieni na wapiga picha wenyewe. Hakimiliki ni ya aliyepiga, hata kama alikuwa akijitolea kwa kikundi. Kila mmoja atie sahihi karatasi fupi inayotaja picha zake na kwamba anakubali zitolewe kwa leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia na kuihariri picha, hata kibiashara, bora amtaje mwenyewe. Ikishatolewa hairudishwi, kwa hiyo jadilianeni kwanza. Vikundi vingi huongeza sharti la kuzuia biashara. Hatuwashauri: gazeti linalouzwa litaogopa kuigusa picha hiyo, na Wikimedia Commons, hazina ya picha za Wikipedia, haiipokei.

Sasa viota, na hapa tunawasihi sana. Simu huandika ndani ya faili latitudo na longitudo ya mahali uliposimama. Picha ya kiota ikitoka na namba hizo, mwizi wa mayai ameshaonyeshwa njia. Zimeni lebo ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kushuka ufuoni, na za zamani zifuteni maelezo hayo kwenye kompyuta. Kisha tazameni nyuma ya kasa: mnazi uliopinda au ukuta wa hoteli humtosha mwenyeji kupajua mahali. Pigeni karibu, mchanga na nyayo tu, na maelezo yaseme “Watamu” basi. Usiku msiwashe taa ya kamera. Mwanga huwapoteza vifaranga wakaiacha njia ya baharini.

Mkikusanya picha kwa WhatsApp, zitumeni kama hati. Zikitumwa kawaida hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu, ilhali ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri unataka 3,508. Lakini hati hubeba na lebo ya mahali, kwa hiyo ifuteni kabla ya kupakia.

Wanafunzi wakipanda miche, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Msipoipata, acheni nyuso. Mikono yenye tope ikichomeka mbegu ndefu ya mkoko hueleza kazi ile ile.

SWALI: Mtu akitumia picha bila kututaja?

JIBU: Haki yake ya kuitumia hukoma papo hapo. Hata hivyo, akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa, hurudi yenyewe. Mwandikieni kwa upole, mkimpa kiungo cha picha na jina kamili la kuandikwa chini yake.