Msimuulize mfumaji nani aliyeua kiwanda

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, serikali iwasaidie wafanyakazi wanaopoteza ajira kwa sababu ya bidhaa kutoka nje, na iwasaidieje?" Iwasaidie, tena sana. Ila nina ombi moja: wasiulizwe kwanza kiwanda kimeuawa na nini.

Mama yangu alifanya kazi miaka 17 katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, idara ya kufuma, wenyewe wakiiita wivingi. Alisimamia mashine nne. Mle ndani hamsikilizani kwa kelele, watu wakizungumza kwa mikono na midomo. Mpaka leo mama hukusoma midomo kabla sauti haijamfikia. Uzi ukikatika, alijua kwa mlio tu ni mashine ipi. Mwaka 1995 wakaitwa uwanjani zamu kwa zamu, majina yakasomwa, kila aliyesomwa akapewa bahasha. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka aliiweka juu ya kabati la vyombo, hakuifungua hadi baba aliporudi usiku.

Nani alimtoa kazini? Mitumba ilikuwa imeanza kumiminika tangu miaka ya 1980, soko lilipofunguliwa, na kanga na vitenge vya nje vilijaa Kariakoo kwa bei ambayo kiwanda chao hakikuiweza. Lakini pia mashine zilichoka, vipuri vilikuwa shida, umeme ulikuwa wa mgawo, na serikali yenyewe ilikuwa inajitoa kwenye mashirika ya umma. Ukimwambia mfumaji alete ushahidi kwamba kilichomwachisha kazi ni kitenge cha nje wala si mgawo wa umeme, umemnyima msaada kwa maneno ya adabu.

Wamarekani walilipitia hilo. Mwaka 1962, enzi za Rais Kennedy, walitunga sheria ya kumsaidia mfanyakazi aliyeumizwa na bidhaa za nje: alipwe akiwa hana kazi, afundishwe kazi nyingine, asaidiwe kuhama akipata ajira mji wa mbali. Masharti ya kuthibitisha yalikuwa magumu mno, miaka kadhaa ikapita bila kundi hata moja la wafanyakazi kukubaliwa. Yalilegezwa mwaka 1974, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kunufaika. Hata hivyo, tangu Julai 2022 mpango huo haupokei waombaji wapya, kwa kuwa Bunge lao halikuuongezea muda. Tukiiga, tusiige mlango ule mwembamba.

Na sisi tuna nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Kwa hesabu hiyo mama angehakikishiwa siku 70. Ile miaka saba ya juu imekwenda na maji. Tangu 2018 lipo pia fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe. Aliyekuwa akilipwa shilingi 240,000 anapata kama 80,000 kwa mwezi. Nalipongeza kwa moyo, maana mama hakuwa na kitu kama hicho. Lakini fedha hiyo inaishia kwenye kodi ya chumba na unga, na mwezi wa saba mtu yuko palepale, na ujuzi uleule ambao hakuna anayeutaka tena.

Hapo ndipo pananiuma. Mama alifuma vitambaa miaka 17, lakini kushona hakujua. Hakuwahi kukalia cherehani. Kiwandani ulifundishwa kazi moja ukaifanya mpaka siku ya bahasha. Alipotoka alikaanga vitumbua, mtaji ukaliwa na ada zetu. Kisha akaingia soko la Karume kufungua belo za mitumba. Alikuwa akikivuta kitambaa kidogo kati ya vidole viwili, anakuambia kama kimefumwa vizuri au kitaachia mshono wiki ijayo. Wateja walitaka kujua bei tu.

Fedha za kuwafundisha watu kama yeye zipo. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kwa hesabu ya mishahara ya wafanyakazi, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo ya ufundi. Siku mfanyakazi anapopunguzwa, tozo iliyolipwa kwa hesabu ya mshahara wake imrudie kama mafunzo. Isipotosha, mizigo inayotoka nje inatozwa tangu 2015 kwa ajili ya reli. Sioni kwa nini isichangie na darasa la ufundi.

Na darasa lenyewe lisingoje geti lifungwe. Sheria tayari inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Wiki hizo ndizo za kuwaleta walimu wa VETA palepale kiwandani, watu wakiwa bado wanakuja na zamu zao, na walipwe nauli na chakula hadi wamalize kozi. Wakishatawanyika huwapati. Wenzake mama wengine walirudi vijijini kwao, wengine anakutana nao misibani tu.

Cherehani alikuja kujifunza kwa jirani akiwa na miaka 53. Hakuwa na ada, akamlipa kwa kumchagulia nguo nzuri kila alipofungua belo. Muhula wa shule ulipoanza alikuwa anashona sare za watoto wa mtaa mzima. Juzi nilipomsomea swali lenu alinyamaza, akahesabu kwa vidole.

"Miezi minne tu nilijifunza," akasema. "Na mwaka ule walipotuita uwanjani nilikuwa na miaka 41."