Faili la mteja nalitafuta mpaka foleni inanuna

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Malimbe, jirani na chuo kikuu cha SAUT. Kompyuta ni ya Windows 10, RAM GB 4. Wanafunzi wakijaa, kutafuta faili la mtu kunanimalizia muda. Niweke programu gani ndogo isiyolemea mashine?

JIBU: Nzuri, dada. Anza na Everything. Ni ya bure, ipakue voidtools.com kwenyewe, usikubali ya kuletewa kwenye flashi. Diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski ya ndani ya Windows) hujitunzia orodha ya majina ya mafaili yake yote, na programu hii husoma orodha hiyo badala ya kupekua folda moja moja. Ndiyo maana majibu yanatokea ukiwa bado unachapa. Andika neema cv, na hata faili linaloitwa CV_mpya_Neema2 litajitokeza. Andika dm:today, utaona yaliyobadilishwa leo tu. Mimi jioni sifungi ofisi kabla ya kupitia orodha hiyo. Ila kwa kawaida inatafuta majina, si maandishi ya ndani, kwa hiyo acha kabisa kuhifadhi kazi za watu kwa jina la Document1.

Kwa kusoma PDF, SumatraPDF inatosha, ni nyepesi mno. Mafaili ya zip na rar, 7-Zip.

Sasa flashi, maana najua zinakutesa. Mwanafunzi anachomeka, anakuta shortcut tupu, anadhani utafiti wake umefutika. Usiifomati, na shortcut hizo usizibofye. Mara nyingi kirusi kimeyaficha tu mafaili. Ipitishe kwanza kwenye Windows Security, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri. Kama herufi ya flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Nimeona mabinti wakitokwa machozi ya furaha folda zinaporudi.

La mwisho halihitaji kupakua kitu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, ukubali kuiwasha kumbukumbu ya kunakili (clipboard history). Inakumbuka hadi vitu 25 ulivyonakili, kwa hiyo unapomjazia mtu maombi ya kazi, namba ya NIDA na ya simu unazibandika bila kurudi nyuma. Lakini hizo ni siri za mteja. Kabla hajainuka kwenye kiti, bonyeza tena Windows na V, ufute zote.